Mashine Iliyoitikia Karibu

Mimi ndiye niliyeifundisha ile mashine kusema karibu. Nasema mapema, asije mtu akanizunguka na maswali ya pembeni. Kabla yangu ilikuwa ikijibu kwa Kiingereza, herufi tatu tu, ACK, na baba mdogo wangu kule Salale alizichukia herufi zile kama anavyomchukia nguruwe kwenye mpunga wake. "Mtu nimembishia hodi," alisema, "yeye ananikoholea?" Nilicheka mpaka machozi. Nikarudi ofisini Kibiti, nikafungua faili la mipangilio, nikafuta zile herufi na kuandika: Karibu, ujumbe umefika.

Ilikuwa miaka ya soko huria, kila mwenye mtaji anatafuta cha kununua huku kwetu. Wengine walifuata magogo, wengine korosho. Kampuni iliyoniajiri mimi ilifuata kamba wa delta. Daraja la mtoni lilikuwa bado linajengwa, Kibiti haina umeme ila jenereta za wenye maduka, na sisi tuna seva! Watu walikuwa wanakuja kuchungulia dirishani. Wanaona sanduku la kijivu na feni inayovuma, wanaondoka wakisema, kumbe ndiyo hiyo tu.

Katika ofisi ile mimi peke yangu ndiye niliyejua kilichomo ndani ya sanduku, maana nilikuwa nimesomea kompyuta Dar es Salaam. Niache nieleze kidogo. Bila hivyo hutaelewa yaliyompata mdogo wangu, na mimi nimechoka na watu wanaoniambia ilikuwa bahati mbaya.

Programu yetu iliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, ya aina ile inayojengwa vipande vipande, kila kipande na kazi yake. Vingine vilikuja vimeshapachikwa humo humo: kipande cha kutunza kumbukumbu, kipande cha saa, kipande cha kupokea ujumbe wa redio kutoka vijijini, na kipande cha foleni, ambamo ujumbe unangoja mtu wa kuushughulikia. Juu ya hivyo tuliongeza vya kwetu, kimoja kwa kila kituo cha kununulia kamba. Cha Salale nilikitengeneza kwa mkono wangu. Kilijua maji ya Salale yanavyojaa na kupwa, bamvua na maji mafu, boti ipite mkono upi wa mto na igeuke wakati gani isije ikakwama kwenye tope. Hayo yote alinitajia baba mdogo, tumekaa barazani kwake, mimi naandika yeye anamenya mihogo, na kila nikikosea ananiambia, "Wewe mtoto wa hapa kweli?"

Vipande vyote vilipangwa kwenye faili moja, mstari mmoja kwa kila kipande. Ukiandika "washa", kipande kinaamka jenereta inapowaka asubuhi. Ukiandika "zima", kinalala, na wenzake wanaendelea na kazi kana kwamba hakijawahi kuwepo. Meneja wetu, mtu wa Dar aliyeletwa kusimamia kituo, aliupenda mno uwezo huo. Wageni wakija aliwasimamisha mbele ya sanduku akawaambia kuwa hii ni nyumba ambayo unaweza kuchomoa chumba kimoja na nyumba isitikisike.

Sasa tazama ujumbe ulivyokuwa ukisafiri. Kijijini mtu anaandika kwenye kidude chenye vitufe na kioo kidogo, kinachotumia betri na waya mrefu wa antena. Ujumbe unafika Kibiti. Kipande cha kupokea kinaupokea, na papo hapo kinajibu karibu, kisha kinausukuma kwenye foleni. Kipande cha kituo kinauchukua kutoka foleni, kinapima maji, kinatoa karatasi kwenye printa. Mimi naisoma karatasi, namwita nahodha kwa redio ya sauti kule Nyamisati, boti inakokaa, na boti inang'oa nanga. Kwa hiyo anayeitikia siye anayeleta boti. Nilimweleza meneja jambo hilo zaidi ya mara moja. Nikamwambia jibu lingetoka kwenye kipande cha kituo ingekuwa bora. Akasema ingechelewesha, wanakijiji wanataka kujibiwa haraka, nisimletee mambo ya chuoni.

Boti ile haikuwa ya kamba peke yake. Kampuni ilipoomba mahali pa kujenga banda la barafu Salale, wazee hawakudai mengi. Walisema hii boti yenu ya kasi imbebe mgonjwa wetu siku tukiwa naye, imfikishe Nyamisati, na gari lenu limfikishe hospitali Mchukwi. Meneja akashikana nao mikono, akala wali wao, akasifu samaki wao. Na kweli, mwaka wa kwanza boti ilibeba wagonjwa, na sifa zote zikawa zangu. Nikipita Salale akina mama wananipungia mikono kama mbunge.

Baba mdogo ndiye aliyekabidhiwa kidude. Kila ujumbe wake aliuanza na hodi. Nilimwambia, baba, si lazima, andika shida yako moja kwa moja. Akanitazama kwa huruma. Yeye ni mtu wa adabu kupita kiasi, na kwetu hodi ina taratibu zake. Unabisha mara tatu; usipoitikiwa, unaondoka zako bila kinyongo, unatafuta njia nyingine. Ukiitikiwa, basi, unatulia hapo nje. Mwenye nyumba amekusikia, labda anajifunga kanga, labda anamalizia sala yake. Kubisha tena wakati umeshaitikiwa ni kumfanya mwenzako kiziwi au mwongo, na hilo baba mdogo hakuweza kumfanyia hata adui yake.

Mdogo wangu naye alikuwa kinyume chake kabisa. Huyo hakuwa na adabu hata ya kuazima! Ananichekea mbele za watu, anauliza kama hiyo mashine yangu inajua kukuna nazi, na kama haijui ina faida gani. Tulizaliwa wawili tu. Mama alipofariki nilimlea mimi, nikaondoka kwenda shule, akalelewa na baba mdogo, na hakuwahi kunisamehe kabisa kuondoka kule, ingawa alikuwa akilisema kwa kicheko. Mwaka ninaouzungumzia alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa amekwenda kuvua mbali, harudi mpaka baada ya mavuno.

Nilimfuata kabla mvua hazijaharibu njia. Nikamkuta ameshahamia shambani na watu wengine wote. Msimu wa mpunga Salale nzima huhama. Watu wanaacha nyumba zao kijijini wanakwenda kukaa kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo katikati ya mpunga, wanalinda ndege mchana na nguruwe usiku. Baba mdogo alikuwa amehama na kidude chake ndani ya kapu, waya ameutundika kutoka dungu lake hadi kwenye mnazi. Nilimwambia mdogo wangu twende Kibiti ukajifungulie kwangu. Akaning'ong'a.

"Nani atalinda ndege? Wewe?"

"Waache wale. Miguu imekuvimba hiyo, huioni?"

"Dada, si una boti yako? Siku ikifika baba mdogo atakuandikia, utaniletea boti, nitakuja nimekaa mbele kama bibi harusi."

Nilibishana naye kidogo, si sana, kwa kuwa alisema kweli: boti ilikuwepo. Tukala mpunga mpya wa kukaanga, nikaondoka maji yalipojaa.

Muda mfupi baada ya hapo seva ikaanza kuelemewa. Memori ilikuwa ndogo, vipande vingi, kila asubuhi inaamka kwa shida. Meneja akanituma Dar kutafuta memori ya kuongezea, nikazungushwa madukani siku kadhaa. Na huku nyuma meneja alifungua faili lile. Alitazama kituo kipi hakileti kamba, akaona Salale, maana watu wako kwenye mpunga, nani avue? Akasema hiki kimekufa. Akafika kwenye mstari wa Salale, akafuta "washa", akaandika "zima". Seva ikapumua. Nyumba haikutikisika.

Niliporudi nilimuuliza, "Kuna kitu umegusa?"

"Sijagusa kitu," alisema, bila hata kuinua macho.

Wako wanaosema labda alisahau. Siku nyingine, nikiwa nimelala vizuri, nami nakubali kwamba labda alisahau. Nikaweka memori, seva ikaamka vizuri, nikafurahi kama mjinga. Printa haikutoa karatasi yoyote ya Salale, na mtu mgeni pengine angeshtuka, angeuliza kulikoni. Mimi mwenyeji sikushtuka. Msimu ule Salale huwa kimya kila mwaka, nani ana nafasi ya kuandika ujumbe ndege wakiwa juu ya mpunga? Nilikuwa nikiutazama ukimya ule nakumbuka nyumbani.

Baba mdogo alikuja ofisini kabla ya adhuhuri, siku ya mvua. Alibisha hodi mlangoni, mara moja tu. Nikaitikia karibu huku namalizia kitu kwenye kompyuta, naye akasimama nje, mvua inamnyeshea, mpaka nilipoinuka na kumwona. Tope limemganda mpaka magotini. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye ukingo wa kiti ili asikilowanishe.

"Nimekuja kuwapa pole," alisema.

"Pole ya nini, baba?"

"Ya nahodha wenu. Mmempata?"

Sikumwelewa. Nikamwambia nahodha yuko Nyamisati, nimezungumza naye asubuhi hiyo hiyo, amelalamika kuhusu mvua. Baba mdogo akanitazama kama mtu anayehesabu jambo mara ya pili kwa sababu halikutoka sawa.

"Ile boti mliyotutumia," alisema polepole. "Sisi tulijua imezama. Tumetafuta kwenye mikoko mpaka tumechoka, hata ubao hatukuona. Nikasema niwafuate, maana nanyi mna msiba wenu."

"Msiba wetu na wa nani mwingine, baba?"

Hapo ndipo alipovua kofia yake. Akasema mdogo wangu wameshamzika, yeye na mtoto.

Sijui nilisema nini. Naambiwa nilipiga ukelele ambao wauza vitumbua wa barabarani waliusikia. Ninachokumbuka ni mikono yake ikinishika, na harufu ya moshi wa dungu kwenye nguo zake. Aliponituliza alinisimulia, kwa kuwa nilimlazimisha, na alisimulia yote bila kuruka kitu.

Damu ilianza asubuhi. Akaandika: Hodi. Mdogo wako anatoka damu nyingi. Tunaomba boti. Mashine ikamjibu: Karibu, ujumbe umefika. Wakamweka kwenye kitanda, wakambeba kupita kwenye mpunga mpaka gatini. Maji yalikuwa yanajaa, yanaelekea huko huko Nyamisati, na mtumbwi ulikuwepo. Wanaume wakasema tumpakie sasa hivi, twende na maji, tukipiga kafi kwa nguvu tutafika. Baba mdogo akakataa. Akasema tumeshaitikiwa. Boti ina kasi, itatupita tukiwa mkono mwingine wa mto, itafika hapa ikute gati tupu, mgonjwa tutakuwa tumemchelewesha wenyewe na mtu wa watu tumemsumbua bure. Wakakaa. Maji yakajaa, yakasimama, yakaanza kurudi. Mmoja wao akasema, andika tena.

"Nikamwambia, mtu ameshasema karibu, nimbishie tena kwa lipi?" Akaikunja kofia mikononi. "Mdogo wako mwenyewe akaniuliza, dada amejibu nini? Nikamwambia amesema karibu. Akasema, basi anakuja. Tena akacheka. Akasema nimwekee nafasi ya mbele."

Jamani! Alidhani ni mimi. Alidhani nimekaa mahali nimeandika lile neno kwa ajili yake, saa ile, kwa vidole vyangu. Na yalikuwa maneno yangu kweli, yenye mkato wangu na nukta yangu. Maji yalipokwisha kutoka, mkondo ukabaki tope, wala mtumbwi usingeweza kupita. Akafia pale gatini.

Mashine isingejibu, baba mdogo angebisha mara tatu, angekata tamaa, angempakia kwenye mtumbwi. Nimelizungusha jambo hilo kila upande, miaka yote hii, na kila upande linatoka vile vile. Angefika? Sijui. Ila angekuwa yuko njiani.

Nilimvuta baba mdogo kwenye skrini. Nikafungua foleni, na humo ndani ujumbe wake ulikuwepo, mzima, haujapungua hata herufi, na lile jibu la karibu chini yake. Akasoma kwa midomo. Nikafungua faili la mipangilio, nikashuka mpaka mstari wa Salale, nikaliona lile neno "zima". Nikaenda kwa meneja.

Mimi sina simile nikikasirika, watu wangu wanajua, na siku ile nilimwambia mtu yule maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimwita muuaji. Nilikipiga teke kiti chake. Yeye akajitia hamnazo kwanza, halafu akakiri kwamba ndiyo, alizima, ila kituo kilikuwa kimekufa.

"Hakijafa!" nilimwambia. "Kimehamia shambani! Watu wakilima wamekufa?"

"Mfumo haujaharibika," alisema. "Angalia mwenyewe. Hakuna kosa hata moja lililoandikwa."

Na hapo alisema kweli. Nilikuwa nimeshaangalia. Kipande cha kupokea kilipokea, foleni ilitunza, kipande cha kituo kilikuwa kimelala kama kilivyoambiwa kilale. Ningependa kuona angalau mstari mmoja mwekundu, ningejua nani wa kumlaani.

Baba mdogo alikuwa amenifuata hadi mlangoni. Akaniambia mwanangu, usimtukane mtu mbele ya wenzake. Kisha akamgeukia meneja, kwa upole ule ule wa siku zote.

"Naomba niulize jambo moja tu. Ile karibu, aliitikia nani?"

Meneja akasema hapakuwa na mtu, mzee, ni mashine tu.

"Hapakuwa na mtu," baba mdogo alirudia. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Akavaa kofia yake, akasema anawahi gari, maji ya jioni yasimpite.

Kabla sijaacha kazi pale nilibadilisha faili lile. Niliiondoa karibu kwenye kipande cha kupokea, nikaipeleka mwisho kabisa wa safari, jibu lisitoke mpaka nahodha mwenyewe awe ameshika kamba ya boti na kusema anakwenda. Asiposema, kimya. Nikawasha seva upya nikasimama mbele yake mpaka vipande vyote vikaamka, cha Salale kikiwemo. Meneja hakuthubutu kunizuia. Muda si mrefu kamba wakapungua, kampuni ikafunga virago, na banda la barafu likabomolewa na watu wakachukua mabati. Kidude kilibaki Salale. Kioo kimepasuka, waya wake baba mdogo anaanikia nguo.

Bado anakuja kwangu Kibiti, sasa mzee sana, akiwa na mchele wake kwenye kapu. Anabisha hodi. Naitikia karibu. Anabisha tena. Naitikia kwa sauti zaidi, karibu baba, nakuja! Anabisha tena, mtu yule wa adabu, majirani wanatoka kutazama, anaendelea kubisha, na haachi mpaka nifungue mlango nimshike mkono.